Je, Vitamini C Husafisha Maji?

Siku hizi kuna vichujio vya shawa vyenye vitamini C. Je, vyasafisha maji? Kazi yavyo ni moja tu: vitamini hiyo huiondoa klorini, ile dawa ya maji, na harufu yake. Hapo sawa. Lakini haitoi vijidudu vya maradhi, wala floridi iliyotia meno ya wenzetu wengi wa Bonde la Ufa rangi ya kahawia.

Tena klorini ndiye askari wa maji. Ukimfukuza, nani atalinda mtungi? Basi ukitia dawa maji ya kunywa, ngoja dakika 30 kabla ya kukoroga unga wa sharubati wenye vitamini C. Kipindupindu hakibishi hodi, jamani!