Jumla ya Fungu Isipolingana, Isome Tofauti

Mwisho wa mwezi programu ya bajeti inakuonyesha kwamba fungu la chakula limemeza shilingi 31,400. Unapiga hesabu ya risiti zako, unapata 22,400. Hapo wengi hufanya moja kati ya mambo mawili: huiacha programu kabisa, au huingiza muamala wanaouita "marekebisho" wa shilingi 9,000 ili namba zikubaliane. Hilo la pili ndilo linaloniuma zaidi, kwa sababu linafuta ushahidi. Zile 9,000 zilikuwa na habari.

Programu, iwe GnuCash, YNAB au jedwali la Excel ulilojitengenezea, haikosei kujumlisha. Hujumlisha ilichopewa, kati ya tarehe ilizoambiwa, ndani ya fungu ililoelekezwa. Kabla hujagusa fungu lolote, anzia kwenye akaunti: je, salio lililomo ndani ya programu ni sawa na salio halisi la benki na la simu? Likiwa sawa, karibu kila mara kosa ni la kupanga tu. Muamala umekaa kwenye fungu lisilo lake, au ripoti inasoma tarehe usizozikusudia. Likiwa tofauti, kuna muamala uliokosewa kiasi, uliorudiwa, au ambao haukuandikwa. Watu huruka hatua hii kwa haraka ya kuliona kosa, kisha hupoteza jioni nzima wakipekua miamala ambayo haikuwa na tatizo.

Tuseme salio nalo limepungua kwa 9,000. Tafuta kwanza muamala wa shilingi 9,000 kamili kwenye fungu hilo. Ukiwapo mara mbili, umeshampata mhalifu. Usipouona, gawanya kwa 2, utafute 4,500. Labda ulirudisha gunia la mchele lenye kasoro, ukarejeshewa 4,500, nazo zikaandikwa kama matumizi badala ya kupunguza matumizi. Kiasi kikiingia upande usio wake, tofauti huwa mara mbili ya kiasi chenyewe. Bado hujapata? Angalia kama tofauti inagawanyika kwa 9 bila baki. Tarakimu mbili zikibadilishana nafasi, tofauti inayotokea daima hugawanyika kwa 9: 12,000 ikiandikwa 21,000, umezidisha 9,000. Sifuri ikiongezeka nayo huleta yayo hayo: 1,000 ikawa 10,000. Wahasibu walitumia mbinu hizi kwenye vitabu vya karatasi kabla ya kompyuta kuingia ofisini, na bado sijaona programu iliyozifanya zisihitajike.

Kosa kubwa kuliko yote kwa kiasi cha pesa, hata hivyo, ni uhamisho. Umetoa 10,000 benki ukaziweka M-Pesa, kisha ukanunua vitu vya 10,000 kwa M-Pesa. Ukiingiza taarifa ya benki na taarifa ya simu kila moja kivyake, kila faili inaona pesa zikitoka, na programu inahesabu matumizi ya 20,000. Muamala wa kwanza haukuwa matumizi. Pesa zilihama mfuko tu. Uweke kama uhamisho kati ya akaunti zako mbili, na usiupe fungu lolote. Akiba unayoweka M-Shwari ni vivyo hivyo. Fuliza, huduma ya mkopo ya M-Pesa, inahitaji uangalifu zaidi, kwa kuwa pesa za mkopo huonekana kwenye taarifa kama pesa zilizoingia. Ukiziweka kwenye fungu la mapato, utajiona una kipato usichokuwa nacho, na ukilipa, deni lote litaonekana matumizi mapya, wakati bidhaa uliyonunua kwa mkopo huo ulishaiandika. Gharama halisi hapo ni ada peke yake.

Kuna mtego mwingine kwenye taarifa ya M-Pesa ya Kenya ambao nautaja kwa makusudi, maana unawanasa watu makini. Ada ya kutuma pesa huandikwa kwenye mstari wake, lakini mstari huo hubeba namba ileile ya risiti ya muamala uliozaa ada. Mtu anaona namba imejirudia, anaamuru Excel iondoe mistari pacha kwa kufuata safu ya risiti, na ada za mwezi zinaweza kutoweka. Salio linaanza kutofautiana kwa viasi vidogo visivyo na umbo: 13 hapa, 23 pale. Ukiona tofauti ya namna hiyo inayokua kidogo kidogo kadiri mwezi unavyosonga, shuku ada. Linganisha namba ya risiti, kiasi na maelezo kwa pamoja kabla ya kufuta chochote.

Kwenye Excel yenyewe, jumla pungufu mara nyingi hutokana na namba ambazo si namba. Ukinakili kutoka faili ya PDF, kiasi huja wakati mwingine kama maandishi, na fomula ya SUMIF hukiruka kimya kimya bila kutoa onyo. Dalili ni rahisi kuiona: namba halisi hujipanga kulia mwa seli, maandishi hujipanga kushoto, ilimradi hujabadilisha mpangilio. Majina ya mafungu nayo yana vituko vyake. "Nauli" na "Nauli" yenye nafasi tupu mwishoni ni mafungu mawili kwa SUMIF, ingawa jicho haliwezi kuyatofautisha. Tarehe ni hatari zaidi. 03/04/2025 kwako ni tarehe 3 Aprili. Kompyuta iliyowekwa kwa mtindo wa Marekani inaisoma Machi 4. Siku kuanzia 13 haziwezi kuwa mwezi, kwa hiyo hubaki maandishi na kuachwa nje ya ripoti, huku siku 12 za mwanzo zikitawanyika kwenye miezi yote ya mwaka. Ukiona matumizi ya Desemba yamejitokeza na bado mko Aprili, usitafute mahali pengine.

Wanaotumia GnuCash wana msaada ambao wengi hawautumii. Muamala ambao pande zake mbili hazilingani hutupwa kwenye akaunti inayoanza na neno Imbalance, ikifuatiwa na alama ya sarafu, kama Imbalance-KES. Ifungue kila wiki. Kila kilichomo humo kinasubiri uamuzi wako, na ikiwa tupu, umepunguza sehemu kubwa ya kazi ya mwisho wa mwezi.

Ukishalipata kosa, rekebisha muamala uleule uliokosewa. Usiongeze mwingine wa kuufidia, maana hapo ripoti ya mwezi huu itakuwa sawa, lakini ya mwaka itabaki na miamala miwili ya uongo. Na ukitafuta kwa haki ukakosa, fungua fungu liitwalo "Haijulikani", uweke tofauti humo pamoja na tarehe na maelezo ya ulikokwisha kupekua. Liache lionekane kwenye ripoti kwa jumla yake. Usilizike ndani ya chakula, ukaja kuwapunguzia watoto maziwa kwa ajili ya pesa ambazo hazikuliwa.