Mtandao Upo, Mtandao Haupo: Kutumia Kipakatalishi Pasiwaya Darasani

Katika muhula mmoja uliopita tulikuwa na kipindi cha kusikiliza na kufahamu pamoja na wanafunzi wa mwaka wa pili. Tulipanga wasikilize taarifa ya habari ya Kiswahili, kisha wajibu maswali ya alama 10 ambazo zingeingia katika kazi za muhula. Tuliwasha kipakatalishi, alama ya mawimbi ikaonekana imejaa, lakini taarifa haikufunguka. Tukaamua kutumia intaneti ya simu yetu ya mkononi. Baada ya dakika chache kifurushi tulichonunua asubuhi kilikuwa kimekwisha, na hatukuwa tumesikia hata sentensi moja. Kompyuta ilikitumia kifurushi hicho kujipakulia masasisho yake.

Mwanafunzi mmoja aliuliza, "Mwalimu, si mtandao upo?" Mwenzake akamjibu, "Upo, lakini haupo." Darasa zima likacheka. Ilitubidi tuisome taarifa wenyewe kwa sauti, na alama zile hatukuzihesabu, kwani sauti ya mwalimu waliyoizoea si kipimo cha kusikiliza. Kwa wanafunzi wetu hapa Uganda, ambao wengi hawakisikii Kiswahili nyumbani, kipindi kama hicho kikipotea ni hasara kubwa.

Hata hivyo, jibu la mwanafunzi yule lilikuwa sahihi. Katika makala haya tutaeleza kwa nini, na nini mwalimu afanye.

Neno moja, mambo matatu

Katika mazungumzo ya kila siku, neno "mtandao" hubeba maana tatu. Kwanza, ni mtandao wa karibu, yaani mawimbi ya redio baina ya kipakatalishi na ruta iliyofungwa ukutani. Pili, ni intaneti yenyewe, inayoifikia ruta hiyo kwa waya au kwa njia nyingine kutoka nje ya jengo. Tatu, ni mtandao wa kampuni ya simu. Alama ya mawimbi katika kona ya kioo cha kompyuta hupima nguvu ya mawimbi kati ya kompyuta na ruta tu. Ikiwa njia ya intaneti imekatika huko nje, alama yaweza kubaki imejaa na hakuna kitakachofunguka. Basi mtandao upo, na mtandao haupo.

Istilahi nazo zinahitaji maelezo. "Kipakatalishi" limetokana na kitenzi pakata pamoja na mwisho wa neno tarakilishi. "Pasiwaya" limeundwa kwa pasi, yaani bila, na waya. Tumewahi kuona wanafunzi wakifikiria pasi ya kunyoshea nguo! Ni vyema mwalimu alieleze neno hili kabla ya kulitumia. Wengi husema waifai, nalo linaeleweka kote. Jina hilo la kibiashara lilianza kutumika mwaka 1999, miaka miwili baada ya kutolewa kwa kanuni za kwanza za kiufundi za teknolojia hii, mwaka 1997.

Hatua za kufuata muunganisho unapokataa

Tunapendekeza mwalimu aende kwa utaratibu, kuanzia karibu kwenda mbali.

1. Hakikisha redio ya kompyuta imewashwa. Mara nyingi kidole hugusa kitufe chenye picha ya ndege, na kompyuta huzima mawimbi yote.

2. Hakikisha jina la mtandao ni lenyewe na nywila imeandikwa sawasawa. Herufi kubwa na ndogo si sawa katika nywila. Ikiwa nywila ya ruta imebadilishwa, iambie kompyuta iusahau mtandao huo, kisha uunganishe upya.

3. Tazama mahali ulipoketi. Ruta nyingi hutumia masafa ya gigahezi 2.4 na 5. Masafa ya 2.4 hufika mbali zaidi na hupenya kuta vizuri zaidi. Ya 5 huwa na kasi kubwa lakini hudhoofika upesi. Ukiwa nyuma ya kuta mbili za matofali, chagua 2.4 au sogea karibu.

4. Fungua kivinjari. Katika hoteli na maktaba kadhaa, intaneti haifunguki mpaka ujaze ukurasa wa kujitambulisha.

5. Tazama tarehe na saa ya kompyuta. Zikiwa zimekosewa sana, kurasa zenye ulinzi hukataa kufunguka hata kama muunganisho ni mzima.

6. Jaribu kwa simu iliyounganishwa na ruta hiyo hiyo. Simu nayo ikishindwa, yaelekea tatizo haliko katika kipakatalishi. Acha kubadilisha mipangilio na umwite fundi. Kumbuka pia kuwa umeme ukikatika kipakatalishi huendelea kwa betri, lakini ruta isiyo na betri huzimika.

Siku ile sisi tuliishia kutazama alama ya mawimbi. Laiti tungefika hatua ya sita, tungejua mapema kwamba njia ya nje imekatika.

Kulinda kifurushi

Kompyuta ikiunganishwa na simu, haijui daima kuwa kila megabaiti inalipiwa. Huiona kama ruta nyingine yoyote, na kuanza kupakua masasisho na kunakili mafaili. Katika Windows 10 na 11, fungua mipangilio ya mtandao wa simu yako na uwashe sehemu inayoieleza kompyuta kuwa muunganisho huo unapimwa. Masasisho mengi makubwa yatasubiri. Fanya hivyo mara moja tu, kwani kompyuta hukumbuka. Aidha, simamisha programu zinazonakili mafaili kwenda intaneti, na ufunge kurasa za video usizozihitaji.

Kulinda siri

Walimu tunabeba alama za wanafunzi na rasimu za mitihani. Mtu yeyote aweza kuwasha ruta na kuipa jina linalofanana na la hoteli au la chuo, akangoja watu waingie. Kwa hiyo uliza jina kamili la mtandao kabla ya kujiunga, na usiiruhusu kompyuta ijiunge yenyewe na mitandao ya mahali pa umma. Ukiulizwa na Windows, chagua kuwa mtandao ni wa umma, ili kompyuta za wengine zisiione yako kwa urahisi. Anwani inayoanza na https huficha unachoandika kisisomwe njiani, lakini si uthibitisho kuwa mwenye ukurasa ni mwaminifu.

Kwa walimu na wanafunzi wa vyuo ipo huduma ya eduroam, ambayo hapa Uganda husimamiwa na RENU, na nchini Kenya na KENET. Jina na nywila ya chuo chako hukuwezesha kuunganishwa hata ukitembelea chuo kingine kinachoshiriki. Usimwazime mtu nywila hiyo.

Hitimisho

Mwezi Julai 2022 Baraza la Mawaziri la Uganda liliamua kuwa Kiswahili kiwe somo la lazima katika shule za msingi na sekondari. Wanafunzi wetu watakwenda kufundisha katika shule ambazo baadhi yake hazina ruta wala maabara ya lugha. Watakuwa na simu, kipakatalishi na kifurushi kidogo. Kwao ushauri mkuu ni huu: pakua sauti utakayoitumia siku moja kabla, uihifadhi katika kompyuta, na uijaribu muunganisho ukiwa umezimwa. Kinga ni bora kuliko tiba. Sisi sasa hatuingii darasani bila kufanya hivyo, na kipindi kile cha taarifa ya habari tulikirudia wiki iliyofuata bila mtandao wowote, kwa maana zote tatu za neno hilo.