Kitoweo Kinachoota Ndani ya Nyumba

Sisi tunaoishi kando ya Ziwa Tanganyika tumezoea kupanga mapishi kwa kufuata mwezi. Mwezi ukiwa gizani wavuvi huingia ziwani na taa zao, na asubuhi mialo ya Kibirizi na Katonga hujaa dagaa. Mbalamwezi ikitanda, dagaa hawaifuati taa vizuri, mitumbwi hupumzika, na bei sokoni hupanda.

Mwaka 2024 mapumziko yalikuwa marefu kuliko tulivyozoea. Serikali ilisimamisha uvuvi katika Ziwa Tanganyika kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti, ili samaki na dagaa wapate kuzaliana. Nia ilikuwa njema, kwa kuwa ziwa lisilopumzishwa huisha. Lakini miezi mitatu ni mingi kwa mama ambaye watoto wake wanarudi kutoka shule na kuuliza, "Mama, leo tunakula ugali na nini?"

Ndiyo maana tunapenda kuzungumza nanyi juu ya kitoweo kimoja ambacho hakingoji mwezi wala mvua. Kitoweo hicho ni uyoga unaooteshwa nyumbani ndani ya mfuko.

UYOGA SI MGENI KWETU

Mkoa wetu una misitu mingi ya miombo, hasa upande wa Uvinza, Kasulu na Kibondo. Mvua zinapoanza mnamo Novemba, uyoga huchipua, na kazi ya kuutafuta tangu zamani imekuwa zaidi ya akina mama na watoto. Ujuzi huo si wa kudharau. Mtaalamu Marja Härkönen wa Finland na Leonard Mwasumbi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, pamoja na wenzao, walitembea vijijini wakiwauliza wananchi wanakula uyoga gani. Mwaka 1995 walichapisha orodha ya uyoga unaoliwa Tanzania, na mwaka 2003 kikatoka kitabu kizima juu ya uyoga wa nchi yetu. Wataalamu walijifunza mengi kwa watu wa vijijini.

Wengi hujiuliza kwa nini tusichukue uyoga wetu mtamu wa kichuguu tukaupanda nyumbani. Jibu ni kwamba uyoga ule hulimwa na mchwa wenyewe. Mchwa huutunza ndani ya kichuguu na hauwezi kuishi bila wao. Uyoga mwingi wa miombo nao umeungana na mizizi ya miti iliyo hai, hivyo hauoti mbali na mti wake.

Unaofaa nyumbani ni ule unaokula miti iliyokufa na majani makavu. Hapa Tanzania wakulima huuita mamama. Una umbo la sikio au kipepeo, rangi nyeupe au kijivu, na huota kwa vishada. Wajerumani walijaribu kuulima wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, chakula kilipokuwa adimu kwao. Siku hizi unalimwa karibu dunia nzima.

HATARI ILIYOMO KIKAPUNI

Kabla ya kueleza kilimo chenyewe, sisi wauguzi tuna neno. Uyoga wa porini ambao huna hakika nao usiuingize jikoni. Kuna uyoga wenye sumu unaofanana sana na ule unaoliwa, na hakuna jaribio la nyumbani linaloweza kuutambua. Wengine husema ukichemshwa na kitunguu kisipobadilika rangi ni salama. Wengine husema ukiliwa na konokono au wadudu hata mtu anaweza kuula. Hayo si kweli. Sumu kali kuliko zote haiondoki kwa kuchemsha, kukausha wala kumwaga maji ya kwanza.

Sumu hiyo ina hila. Mtu hula jioni akalala vizuri, kisha kati ya saa 6 na 24 baadaye huanza kutapika na kuharisha vibaya. Siku inayofuata anaweza kupata nafuu, na nyumba nzima ikashukuru. Kumbe wakati huohuo ini linaharibika, na siku ya tatu macho huwa ya njano. Watoto huzidiwa haraka kwa sababu ya udogo wa miili yao.

Kwa hiyo, mtu yeyote akiugua baada ya kula uyoga, mpeleke hospitali mara moja. Wachukue na wote waliokula sufuria ile, hata wanaojisikia wazima. Beba mabaki ya uyoga, mabichi au yaliyopikwa. Usipoteze saa kwa kumpa mafuta, maziwa au dawa za kienyeji, na usimwamini yule anayesema, "Sasa nimepona."

Uyoga wa mfukoni unapunguza wasiwasi huo, kwa kuwa unajua umepanda nini. Tena unaweza kuota kiangazi, wakati msitu hauna uyoga na ziwa linaweza kuwa limefungwa.

MFUKO ULIOPANDWA TAYARI

Kwa anayeanza, njia rahisi ni kununua mfuko mmoja au miwili ambayo mkulima amekwisha kuipanda mbegu. Mfuko mzuri umejaa utando mweupe pande zote, kama pamba iliyoshikana, na una harufu ya kupendeza ya uyoga. Ukiona mabaka ya kijani au meusi, au ukisikia harufu ya uchachu, usinunue.

Ukifika nyumbani fanya hivi:

1. Tafuta mahali penye kivuli, ubaridi na hewa, pasipopigwa na jua wala upepo mkali. Chumba cha udongo kilichoezekwa nyasi ni kizuri kuliko cha bati. Ukiwa na bati, tandika makuti au nyasi juu yake. Usiweke mfuko katika chumba cha kulala.

2. Chana mfuko kwa wembe safi sehemu nne au tano, kila mchano urefu wa vidole viwili.

3. Nyunyiza maji safi mara mbili au tatu kwa siku kwa bomba dogo la mkono. Lenga hewa na kuta, usiuloweshe mfuko hadi maji yatuame. Kuanzia Juni hadi Septemba hewa yetu ni kavu, hivyo mwaga mchanga sakafuni uulowanishe, au tundika magunia yenye maji.

4. Acha mwanga kidogo uingie, kiasi cha kuweza kusoma. Uyoga usiopata mwanga na hewa huwa na shina refu na kichwa kidogo.

5. Baada ya siku kadhaa utaona vichwa vidogo kama vya njiti za kiberiti. Vitakua upesi, na kwa kawaida siku ya tatu hadi ya tano utavuna. Shika kishada kizima, kizungushe taratibu mpaka king'oke. Usiache visiki, maana huoza.

Endelea kunyunyiza. Baada ya wiki moja au mbili mfuko utazaa tena, na kwa kawaida utatoa mavuno mawili hadi manne kabla ya kuchoka. Ukichoka, umwage bustanini. Ni mbolea nzuri ya mchicha.

KUPANDA MWENYEWE

Ukishazoea unaweza kununua mbegu peke yake. Mbegu za uyoga si punje za uyoga. Ni nafaka, mara nyingi mtama au ngano, iliyooteshewa utando mweupe ndani ya chupa au mfuko katika maabara. Ukiziagiza kutoka mbali kama Dar es Salaam, uliza zilitengenezwa lini, na mwombe msafirishaji asiziache juani, kwani joto huziua.

Chakula cha uyoga hatukikosi: mabua ya mpunga, magunzi na mabua ya mahindi, maganda ya maharage au majani makavu ya migomba. Kiwe kikavu kweli, kisicho na ukungu wala dawa ya wadudu. Kikatekate vipande vya urefu wa vidole viwili, ukiloweke usiku kucha, kisha ukichemshe kwenye pipa kwa saa moja hadi mbili. Shabaha ni kuua vijidudu ambavyo vingegombania chakula na uyoga.

Chuja na uache kipoe kabisa. Kifinyange mkononi: yakidondoka matone mawili matatu, kinafaa, maji yakitiririka, ngoja bado. Hapa usafi ni ule tunaoutumia tunapofunga kidonda. Nawa mikono kwa sabuni, futa meza na vyombo kwa spiriti, funga milango, na watoto wasicheze karibu.

Jaza mfuko safi wa nailoni tabaka kwa tabaka, ukinyunyizia mbegu kila tabaka, hasa pembeni. Kwa kilo 10 za majani yaliyolowa, gramu 300 hadi 500 za mbegu zinatosha. Asiye na mfuko atumie ndoo ya plastiki yenye mfuniko, aliyoitoboa ubavuni na kuisafisha vizuri. Mfuko nao utoboe matundu madogo, ufunge, na uuweke gizani kwa wiki mbili hadi tatu. Utando mweupe ukienea wote, fuata hatua tulizozieleza hapo juu.

Mfuko uliotunzwa vizuri, kwa kila kilo moja ya majani makavu, unaweza kutoa nusu kilo hadi kilo moja ya uyoga mbichi.

MAMBO YA KUANGALIA

Mfuko ukiota ukungu wa kijani, utoe mara moja ukaufukie mbali. Madirisha yafungwe chandarua, kwa sababu inzi wadogo hutaga mayai ndani ya utando. Wakati mwingine huchomoza uyoga mwingine, wenye shina jembamba na kichwa kinachogeuka wino mweusi. Huo si mamama. Utupe, usiuonje.

Vuna kabla kingo za uyoga hazijajikunja kwenda juu. Uyoga uliokomaa mno humwaga vumbi jeupe ambalo huleta kikohozi na kubana kifua. Mwenye pumu asiingie chumba cha uyoga, na wengine wafunike pua kwa kitambaa wanapovuna.

JIKONI

Tusidanganyane kwamba uyoga ni sawa na nyama. Uyoga mbichi ni maji kwa karibu sehemu 9 kati ya 10, na gramu 100 zina protini kama gramu 3 tu. Una vitamini za kundi B, lakini vitamini A hauna. Kwa hiyo usimnyime mtoto maharage au dagaa vinapopatikana. Uyoga uwe nyongeza, na pale kitoweo kingine kilipokosekana, uchanganye na karanga au maharage.

Bahati yetu, Kigoma ina mawese, na mawese mekundu yana kile ambacho uyoga umekosa: asili ya vitamini A inayolinda macho ya watoto. Jaribu hivi:

Chukua nusu kilo ya uyoga, kitunguu kimoja, nyanya mbili, vijiko vitatu vya mawese, kikombe cha karanga zilizotwangwa na chumvi. Osha uyoga upesi bila kuuloweka, uchane kwa vidole. Pasha mawese moto wa wastani. Usiyachome mpaka yawe meupe, maana rangi ile ndiyo dawa. Kaanga kitunguu, tia nyanya, kisha uyoga na chumvi. Utatoa maji yake wenyewe. Uache uive kwa dakika 15, tia karanga zilizokorogwa kwa maji kidogo, na uchemke tena dakika 10. Ule na ugali wa muhogo. Kwa mtoto mdogo ukatekate sana, umwanzishie kidogo. Uyoga usiliwe mbichi.

Ukizidi, uanike juu ya chekecheke iliyoinuliwa kutoka chini, ukiufunika kwa kitambaa chepesi, mpaka ukatike kwa kuvunjika. Kilo 10 mbichi hubaki kama kilo 1 kavu, nayo ikifungwa vizuri chomboni hudumu miezi mingi.

TUANZE KIDOGO

Usikope fedha kujenga banda la mifuko mia. Anza na miwili, ujue tabia ya chumba chako. Uyoga mbichi haukai zaidi ya siku chache, kwa hiyo tafuta mnunuzi kabla ya kupanua. Ni vizuri akina mama watano wa mtaa mmoja, Ujiji au Mwanga, wakachangia pipa na gharama ya mbegu, na wakapanda kwa kupishana wiki ili kila juma awepo wa kuvuna. Kwa ushauri, mwoneni afisa kilimo wa kata.

Panga kupanda mwishoni mwa Machi au Aprili. Hapo masika yanapoisha na msitu ukikauka, mfuko wako utakuwa umeanza kuzaa, na ziwa likipumzishwa tena, watoto watakuwa na cha kutowelea.