Ushanga Namba Sita

Hebu tuanze na kisa cha mfano. Huenda umeshakiona darasani kwako.

Mwalimu wa Baiolojia wa Kidato cha Sita kagawa darasa katika vikundi vya watu watano. Kazi yenyewe: tengenezeni kitu cha kuonyesha jinsi seli inavyotengeneza protini. Siku saba, halafu kila kikundi kisimame mbele kieleze. Kikundi namba tatu kimejipanga vizuri: kuna mwenyekiti, kuna katibu, na wawili wa kutafuta vifaa. Tatizo ni mtu wa tano. Jumatatu hakuja. Jumanne hakuja. Jumatano mwenyekiti uvumilivu ukamwishia.

"Huyu dada mvivu bwana! Kila siku anaumwa. Jina lake tunalifuta."

"Subiri kwanza," katibu akamwambia. "Tumalize kazi, mambo ya jina tutaongea baadaye."

Tuwaache wabishane. Sisi tuitazame kazi yao, maana ndani yake kuna jibu la ubishi huo.

Protini ni shanga zilizotungwa

Ukisikia protini unafikiria maharage, dagaa na mayai. Sawa kabisa. Lakini protini ya dagaa haiingii mwilini mwako ikakaa kama ilivyo. Tumbo na utumbo huivunja vipande vidogo vinavyoitwa asidi amino, kisha seli zako huchukua vipande hivyo na kuunda protini zako mwenyewe: za misuli, za nywele, za kupambana na vijidudu, za kubeba hewa ya oksijeni kwenye damu.

Chukulia asidi amino ni shanga. Ziko za rangi 20 tu. Kinachotofautisha protini moja na nyingine ni idadi ya shanga na mpangilio wake kwenye uzi. Sasa swali: nani anaiambia seli uanze ushanga gani, ufuate upi?

Kitabu hakitoki maktaba

Maelekezo yote yameandikwa kwenye DNA, ambayo inakaa ndani ya kiini cha seli. Imeandikwa kwa herufi nne tu: A, T, G na C. Sehemu ya maandishi hayo yenye maelekezo ya kutengeneza protini fulani ndiyo tunayoiita jeni.

Sasa DNA ni kama kile kitabu cha maktaba kilichopigwa mhuri kwamba hakiazimwi. Kiko kimoja, watu wote wanakitegemea, hakitoki nje. Wewe mwanafunzi unafanyaje? Si unadesa! Unanakili ukurasa unaoutaka, unaondoka na desa lako, kitabu kinabaki palepale. Seli nayo inafanya hivyohivyo. Inanakili jeni moja, na nakala hiyo inaitwa RNA mjumbe. Tofauti ndogo ni kwamba kwenye nakala, mahali pa herufi T panaandikwa U.

Desa hilo linatoka kwenye kiini hadi kwa fundi anayeitwa ribosomu. Fundi huyu hasomi herufi mojamoja. Anasoma tatutatu, na kila herufi tatu ni neno moja. Ukipiga hesabu, herufi nne zikipangwa tatutatu zinatoa maneno 64. Maneno 61 yanataja ushanga wa kutunga, na matatu yanasema "simama, kazi imekwisha". Neno AUG ndilo la kuanzia.

Na shanga zinaletwa na nani? Na RNA nyingine, tuiite mpagazi. Kila mpagazi amebeba ushanga wa aina moja na analijua neno lake. Neno lake likifika kwa fundi, anautua mzigo, ushanga unaungwa kwenye uzi, naye anaondoka kutafuta mwingine.

Usidhani hadithi hii imetungwa tu. Mwaka 1961, huko Marekani, Marshall Nirenberg na Heinrich Matthaei waliweka RNA yenye herufi U tupu kwenye maji yaliyotoka katika seli za bakteria. Ikatoka protini yenye asidi amino ya aina moja tu kutoka mwanzo hadi mwisho. Neno la kwanza, UUU, likawa limesomwa! Miaka michache baadaye maneno yote 64 yalijulikana, na mwaka 1968 Nirenberg alipata Tuzo ya Nobel pamoja na Har Gobind Khorana na Robert Holley.

Turudi kwa kikundi namba tatu

Wao walichagua himoglobini, protini inayobeba oksijeni ndani ya chembe nyekundu za damu. Himoglobini moja ina nyuzi nne: mbili za alfa zenye shanga 141 kila mmoja, na mbili za beta zenye shanga 146. Jumla 574. Hela ya shanga zote hizo hawakuwa nayo, kwa hiyo wakatunga saba za mwanzo za uzi wa beta. (Ile AUG ya kuanzia nayo huleta ushanga, lakini huo hukatwa baadaye, kwa hiyo hauhesabiwi.) Wakaandika kwenye manila:

GUG – valini – nyeusi
CAU – histidini – nyeupe
CUG – leusini – kijani
ACU – threonini – njano
CCU – prolini – bluu
GAG – asidi ya glutamiki – nyekundu
GAG – asidi ya glutamiki – nyekundu

Alhamisi jioni yule mwenzao wa tano akatokea. Alikuwa anatembea polepole, macho yana umanjano, mkononi bado ana plasta ya dripu. Akakaa, akaitazama manila kwa muda. Kisha akaomba kalamu. Kwenye neno la sita akaifuta A, akaandika U.

"Fundi anasoma nini hapo?"

"GUG," katibu akajibu. "Valini. Ushanga mweusi, kama ule wa kwanza."

"Basi huo ndio ugonjwa wangu," akasema. "Nina sikoseli."

Mwenyekiti akainamisha kichwa.

Herufi moja inafanya nini?

Ugonjwa huu kwa Kiswahili unaitwa selimundu. Mitaani wengi wanasema sikoseli. Angalia vizuri: fundi hakukosea, na mpagazi hakukosea. Wote walifuata maandishi. Herufi ilikuwa tofauti tangu kwenye kitabu chenyewe.

Asidi ya glutamiki inapatana na maji. Valini inayakimbia maji, kama mafuta. Kwa hiyo himoglobini yenye valini pale mahali pa sita, ikishaitoa oksijeni yake, hunasana na jirani yake, naye hunasana na mwingine, mpaka zinakuwa vijiti virefu. Vijiti hivyo huikunja chembe nyekundu ikawa kama mundu. Chembe iliyojikunja haipiti vizuri kwenye mishipa myembamba. Inaziba njia, na hapo ndipo maumivu makali ya mifupa, kifua au tumbo yanapoanza. Pia haidumu. Chembe nzima huishi siku kama 120, ya mundu huishi kati ya siku 10 na 20. Ndiyo sababu ya upungufu wa damu na macho ya manjano.

Aliyegundua kwamba tofauti yote ni ushanga mmoja tu alikuwa Vernon Ingram, huko Cambridge, Uingereza, katika miaka ya 1950.

Maneno ya mtaani

"Amerogwa." Hapana. Ni herufi kwenye jeni.

"Inaambukiza." Hapana. Kaeni dawati moja, kuleni sahani moja.

"Ni laana ya upande wa mama." Hapana. Kila mtu ana nakala mbili za jeni hii, moja kutoka kwa baba na moja kutoka kwa mama. Anayeugua sikoseli hii amepokea nakala yenye valini kutoka pande zote mbili. Huyo huitwa SS. Mwenye nakala moja tu huitwa AS. Kwa kawaida haumwi, na wengi hawajui kabisa kwamba wanayo. Mama AS na baba AS wakizaa, kila mimba ina nafasi moja katika nne ya mtoto kuwa SS, mbili katika nne kuwa AS, na moja katika nne kuwa AA. Na kila mimba ni bahati nasibu mpya. Usihesabu kwamba mmoja akishaugua basi watatu watapona.

Kwa nini jeni hii imejaa kwetu? Mwaka 1954 Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alionyesha kutokana na kazi yake Afrika Mashariki kwamba watoto wa AS wana kinga fulani dhidi ya malaria kali. Mahali penye mbu wengi, AS walinusurika, na jeni ikabaki. Lakini angalia: kwa mtu wa SS, malaria ni hatari kubwa. Chandarua ni lazima.

Ufanye nini?

Nenda hospitali ukapime aina ya himoglobini yako. Usichanganye na grupu la damu. Kuwa "O" au "B" hakukuambii lolote kuhusu sikoseli. Na wewe na mchumba wako mpime kabla ya kupanga watoto. Si kwa ajili ya kuachana, ni kwa ajili ya kujua na kuamua mkiwa mmefumbua macho.

Kama unao ugonjwa huu: kunywa maji mengi, jikinge na baridi, usijichoshe kupita kiasi, usikose kliniki. Dawa ya haidroksiyurea husaidia wengi kupunguza maumivu. Muulize daktari wako. Homa, kifua kubana, kupooza upande mmoja, kupauka ghafla, au kwa mwanamume uume kusimama kwa uchungu bila kulala: usisubiri asubuhi, kimbia hospitali.

Kama mwenzako anao: mwache anywe maji hata kipindi kikiendelea, mwache atoke kwenda msalani, mwandikie notisi akilazwa. Na usimwite mvivu.

Siku ya saba kikundi namba tatu kilisimama na nyuzi mbili za shanga, moja ya kawaida na moja yenye ushanga mweusi mahali pa sita. Aliyeeleza uzi wa pili ni yule dada mwenyewe. Kwenye karatasi yalikuwepo majina matano, na la kwanza lilikuwa lake. Mwandiko ulikuwa wa mwenyekiti.