Cheti Kimepatikana, Nani Atampokea Kijana?

Mwaka juzi kamati ya msikiti wetu ilitenda jambo ambalo wengi tulilihesabu kuwa ni kheri iliyokamilika. Kijana wa mtaani kwetu, kiziwi tangu utotoni, alihitimu mafunzo ya ushonaji. Ada yake, nauli na vitambaa vya mazoezi vilitokana na michango ya waumini, wengine wakitoa shilingi elfu moja baada ya swala ya Ijumaa. Siku aliyokabidhiwa cheti imamu alimwombea dua, wazee wakampa mikono, nami kama katibu nikaandika katika kitabu cha kumbukumbu kuwa suala lile limefungwa.

Lilikuwa limefungwa kwetu sisi. Miezi kumi na minne baadaye nilipita nyumbani kwao kwa shughuli nyingine, nikamkuta kibarazani akichambua mchele pamoja na dada zake wadogo. Cheti kilikuwa kimetundikwa sebuleni, kando ya kalenda. Baba yake, ambaye ni fundi wa kuchomea vyuma, alinikaribisha kwa heshima zote, kisha akaniuliza kwa upole iwapo ile kamati iliyomsomesha mwanawe inafahamu duka lolote linaloajiri kiziwi. Sikuwa na jibu. Kilichoniumiza zaidi ni kwamba katika safu ya kwanza ya msikiti wetu husimama kila siku watu wenye maduka ya kushona kanzu, wenye viwanda vidogo vya mikate, wenye karakana za samani na wenye mashine za uchapishaji. Tulikuwa tumewaomba watu hawa fedha mara nyingi. Kazi hatukuwahi kuwaomba hata mara moja.

Tumezoea kuifungamanisha hali ya ulemavu na sadaka. Ramadhani inapokaribia, orodha ya wenye ulemavu hutolewa kabatini, wakapelekewa mchele, sukari na tende, kisha orodha ikarudi kabatini hadi mwaka mwingine. Wala sisemi kwamba jambo hilo ni baya; mwenye njaa hawezi kungoja mipango. Lakini tunaosoma sira tunakifahamu kisa cha yule Answari aliyekwenda kwa Mtume (s.a.w.) akiomba. Mtume alimwuliza ana nini nyumbani, vikaletwa kitambaa na chombo cha kunywea maji, vikanadiwa kwa dirhamu mbili. Moja akaiambia inunue chakula cha watoto, ya pili inunue shoka. Kisha akamtuma akatafute kuni, asionekane kwa siku kumi na tano. Mtu yule alirejea akiwa na dirhamu kumi. Nilipokuwa chuoni tulikijadili kisa hiki kwa kirefu katika mlango wa kuombaomba, na ni wachache kati yetu waliokitazama kama somo la namna ya kumtafutia mtu kazi: kuangalia alichonacho, kumpa chombo, kumwekea muda, na kumtaka arudi kutoa habari.

Na kuhusu nafasi ya mwenye ulemavu katika jamii ya Kiislamu, hoja haihitaji kutafutwa mbali. Abdullah bin Ummi Maktum (r.a.), sahaba asiyeona ambaye kwa sababu yake iliteremka Sura ya Abasa, hakuwekwa pembeni akasubiri kuhurumiwa. Alikuwa mwadhini wa Mtume pamoja na Bilal, na Mtume alipokuwa safarini alimwachia usimamizi wa Madina zaidi ya mara moja. Huo ni wadhifa, wenye amri na wajibu ndani yake. Khalifa Al-Walid bin Abdil-Malik, aliyetawala kuanzia mwaka 705 hadi 715, anakumbukwa katika tarehe kwa kuwapangia wenye ukoma posho wasilazimike kuomba, na kumpa kila asiyeona mtu wa kumwongoza. Hayo yalikuwa masuala ya dola, yenye bajeti.

Dola ya leo nayo ina maneno yake. Sheria ya Watu wenye Ulemavu Namba 9 ya mwaka 2010 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi ishirini au zaidi ahakikishe kuwa wasiopungua asilimia 3 kati yao ni watu wenye ulemavu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 nayo inakataza ubaguzi kazini kwa sababu ya ulemavu. Ni vyema wazazi wayajue hayo. Hata hivyo wafanyabiashara wa msikiti wetu wana mafundi wanne, watano, mwenye wengi ana kumi na wawili. Kiwango cha asilimia 3 hakiwagusi. Kwao tulibaki na njia ya kuwaendea mmoja mmoja baada ya swala ya Isha, tukae nao kwenye mkeka, tuzungumze.

Mfanyabiashara wa kwanza alikubali kabla hatujamaliza maelezo. Ana duka la kanzu na mabaibui, na kijana wetu ameusomea ushonaji. Tuliandika makubaliano ya ukurasa mmoja: miezi mitatu ya majaribio, nauli na chakula cha mchana kila siku, kisha aajiriwe akionekana anafaa. Nilijivunia ukurasa ule. Leo nikiusoma naona mashimo mawili makubwa, na yote mawili niliyaacha mimi.

Shimo la kwanza lilikuwa mawasiliano. Hakuna mtu dukani aliyejua Lugha ya Alama, na hatukufikiria kumtafuta wa kuwafundisha. Mambo yalikwenda kwa kuoneshana vidole hadi lilipoingia kumi la mwisho la Ramadhani, wakati ambao maduka ya kanzu hayalali. Siku moja mwenye duka alitoa maelekezo ya vipimo akiwa nyuma ya cherehani, kijana amempa mgongo. Kanzu tatu zilikatwa fupi. Mteja alikasirika, mwenye duka akakasirika zaidi, na kijana akarudishwa nyumbani bila kuelewa kosa lake. Nilipigiwa simu usiku nikaambiwa, kwa adabu lakini kwa mkato, kwamba biashara si mahali pa majaribio.

Tulikutana baada ya Idi, safari hii pamoja na mkalimani, mwalimu mstaafu wa viziwi aliyekubali kuja bila malipo. Ndani ya nusu saa ilibainika kuwa kijana hakuwahi kupewa vipimo vile. Kilichotatua jambo hakikuwa na gharama: kadi ndogo yenye mchoro wa kanzu na nafasi za kuandika urefu, mabega, mikono na shingo, inayobandikwa kwenye kila kitambaa kabla hakijakatwa. Mwenye duka sasa anawatumia kadi hizo mafundi wote, na anakiri kuwa makosa yamepungua hata kwa wanaosikia. Mkalimani aliwafundisha pia alama thelathini hivi za kazi, nazo zikatosha kuanzia.

Shimo la pili lilichelewa kuonekana, kwa sababu kijana mwenyewe hakulalamika. Mafundi wa duka lile hulipwa kwa kipande. Katika mwezi wa sita dada yake, aliyekuwa akimsaidia kuhesabu fedha, aligundua kwamba kaka yake analipwa nusu ya wanacholipwa wenzake kwa kanzu ileile. Nilimwendea mwenye duka. Hakuficha kitu. Alisema amemchukua kijana kwa ajili ya thawabu, na kwamba bado anajifunza. Nikamwuliza ikiwa kanzu zake huuzwa kwa nusu bei. Alinyamaza kitambo, kisha akabadilisha mazungumzo, na nilitoka pale nikidhani nimempoteza. Wiki iliyofuata alianza kumlipa sawa na wengine. Malimbikizo ya nyuma hajayalipa, na kwa kuwa makubaliano niliyoyaandika hayakutaja malipo baada ya majaribio, nimekosa pa kusimamia. Tangu hapo kila makubaliano ya kamati hutaja kiwango cha malipo, kinyume na mazoea yetu ya kuona haya kuzungumzia fedha na ndugu katika imani.

Sasa nizigeukie familia, maana si kila mlango hufungwa na mwajiri. Katika nyumba tulizozitembelea tulimkuta binti asiyeona ambaye hakuwahi kupelekwa shule kwa hofu ya mama yake kuwa barabara itamuua. Hofu ile ina haki yake, na mama yule hastahili kulaumiwa na mtu ambaye hajawahi kumvusha binti yake barabara ya mabasi. Tulichofanya ni kumkutanisha na mama mwingine ambaye mwanawe asiyeona alisoma Uhuru Mchanganyiko, shule ya siku nyingi hapa Dar es Salaam inayowapokea wanafunzi wasioona pamoja na wenzao wanaoona. Mazungumzo ya mama kwa mama yalifanya kazi ambayo ziara zetu tatu hazikuiweza. Kwa viziwi ipo shule ya Buguruni, na kwa mafunzo ya ufundi kipo Chuo cha Yombo, kilichoanzishwa mahsusi kwa watu wenye ulemavu. Mahali pa kuanzia kwa mzazi yeyote ni kwa afisa ustawi wa jamii wa kata au halmashauri, ambaye kazi yake ni kumwelekeza kwenye upimaji na shule inayofaa.

Upo pia mkopo wa halmashauri. Katika asilimia 10 ya mapato ya ndani inayotengwa kwa ajili ya mikopo, asilimia 4 ni ya wanawake, 4 ya vijana, na 2 ya watu wenye ulemavu. Utoaji wake ulisitishwa mwaka 2023 ukarejeshwa mwaka uliofuata kwa utaratibu mpya. Mikopo hii haina riba, jambo ambalo baadhi ya waumini wetu hawakulijua, wakaikimbia wakidhani ni sawa na ya benki. Zaka nayo ina nafasi yake. Fukara na masikini ndio wanaotajwa mwanzo miongoni mwa makundi manane ya aya ya 60 ya Sura At-Tawba, na mashekhe wetu wameturidhia kwamba fundi asiye na kitu anaweza kununuliwa cherehani kwa fungu hilo badala ya kupewa chakula cha wiki mbili.

Jambo moja nililikuta ambalo sikulitarajia, nalo ni mirathi. Katika familia mbili, fungu la ndugu mwenye ulemavu wa akili lilikuwa limegawanywa kwa wengine kwa hoja kwamba yeye hulishwa na wao. Sheria yetu haimpunguzii mrithi fungu lake kwa sababu ya ulemavu. Asiyeweza kusimamia mali huwekewa msimamizi, na mali hubaki yake. Imamu amelichukua suala hili na linaendelea, hivyo sitalieleza zaidi.

Hadi naandika haya tumewapatia nafasi vijana wanne: wawili kwenye ushonaji, mmoja kwenye kiwanda cha mikate, na mmoja asiyeona anayepokea simu na oda katika duka la vifaa vya ujenzi. Wa mkate aliacha baada ya wiki tano kwa sababu zamu ilianza saa tisa usiku na hapakuwa na usafiri wa kumfikisha. Watano wangali wanangoja. Mmoja wao ni binti anayetumia kiti cha magurudumu, mwenye cheti cha kompyuta. Mchapishaji mmoja yuko tayari kumchukua, ila ofisi yake iko ghorofa ya pili katika jengo la Kariakoo lisilo na lifti. Jumamosi ijayo baada ya swala ya Alasiri tutakwenda kuzungumza na mwenye jengo kuhusu chumba kimoja cha chini ambacho kwa sasa ni stoo ya maboksi.