Picha ya Ubongo na Daftari la Dawa



Tunasikia kwamba ipo mashine ya kuona ubongo wa mtu ukifanya kazi. Ni kweli, lakini haisomi mawazo. Inachoona ni damu.

Sehemu ya ubongo inapofanya kazi huletewa damu yenye oksijeni nyingi. Mwaka 1990 mtaalamu Seiji Ogawa na wenzake, huko Marekani, walionyesha kwamba mashine ya sumaku kubwa huweza kutofautisha damu hiyo na ile iliyopungukiwa oksijeni. Mtu hulazwa ndani yake, hugonga vidole, kisha hupumzika, mara nyingi. Picha za wakati wa kazi hulinganishwa na za mapumziko, na palipo na tofauti ndipo ubongo ulipofanya kazi hiyo.

Mashine hiyo ni nzito na ya gharama kubwa. Njia nyepesi ni kofia yenye taa ndogo, ambazo mwanga wake hupenya fuvu na kupima oksijeni ya damu iliyo karibu. Kofia hiyo ilitumika katika bonde la Salinas, California, penye mashamba makubwa ya mboga. Walipimwa vijana 95 wenye umri wa miaka 15 hadi 17, wakifanya mazoezi ya kufikiri na kukumbuka. Matokeo yalitolewa mwaka 2019: wale ambao mama zao walipokuwa wajawazito waliishi karibu na mashamba yaliyopigwa sana dawa za wadudu za aina ya oganofosfati, ubongo wao wa mbele ulifanya kazi tofauti na wa wenzao.

Utafiti mmoja haumalizi ubishi. Lakini watafiti walijuaje dawa iliyopigwa miaka 15 nyuma? Tangu 1990 California huwalazimisha wenye mashamba kuripoti dawa gani imepigwa, kiasi gani, wapi na lini. Bila kumbukumbu hizo, kofia isingesema lolote juu ya dawa.

Ndugu, mashine hatuna, lakini daftari na kalamu tunavyo. Kila tawi liandike jina la dawa kama lilivyo kwenye kopo, tarehe, sehemu ya shamba na waliokuwapo. Nyapara akikataa kuonyesha kopo, hilo nalo liandikwe. Na mama mjamzito asipangiwe kazi penye dawa. Siku ya kudai haki, neno tupu hupingwa. Daftari lililoandikwa kila siku ni shahidi.