Usipande Tena Mahindi ya Haibridi Kutoka Ghalani



Kila mwaka mvua za kupanda zinapokaribia, wakulima wa Kibomet na skimu za jirani huja ofisini na swali moja. Mzee mmoja alikuja na hindi nene, limejaa punje mpaka nchani. Akasema, "Bwana Karani, hindi hili nimelichagua mimi mwenyewe wakati wa mavuno. Kwa nini nisilipande, nikaacha kupeleka fedha dukani?" Nikamjibu, "Mzee, hindi ni zuri, lakini watoto wake hawatafanana nalo." Hakuridhika, naye alikuwa na haki. Mtu akikatazwa jambo apewe na sababu. Hii ndiyo sababu.

Mbegu hii ilitoka wapi

Mahindi ya haibridi ya nyanda zetu yalianzia hapa hapa Kitale. Mwaka 1955 kazi ya kuzalisha mbegu bora za mahindi ilianza katika kituo cha utafiti, chini ya mtaalamu M. N. Harrison. Wataalamu walichagua mahindi yaliyokuwa yamezoea udongo na baridi ya huku, wakapata aina iliyoitwa Kitale Synthetic II, iliyotolewa kwa wakulima mwaka 1961. Tena Harrison alisafiri mpaka Amerika ya Kati na ya Kusini kutafuta mahindi ya milimani. Katika aina alizoleta ilikuwamo moja ya nchi ya Ecuador, iliyopewa jina Ecuador 573. Yenyewe haikuwa ya ajabu shambani. Lakini ilipooana na Kitale Synthetic II, watoto walizaa kupita aina yetu kwa takriban asilimia 40. Mbegu hiyo ndiyo H611, iliyotolewa mwaka 1964.

Kwa nini watoto waliwashinda wazazi

Mmea wa mahindi una mume na mke. Mbelewele zilizo juu ni mume. Hutoa vumbi linalopeperushwa na upepo. Nywele za hindi ni mke. Hupokea vumbi hilo, na kila unywele uliopokea huzaa punje moja. Kwa hiyo kila punje ina baba na mama, nayo hupokea urithi kwa jozi: nusu ya mama, nusu ya baba. Vitu hivi vya urithi wataalamu huviita jeni.

Kila ukoo wa mahindi una udhaifu wake uliofichika. Wazazi wakitoka koo zilizo mbali, kama Kitale na Ecuador, udhaifu wa upande mmoja hufunikwa na nguvu ya upande wa pili. Mwaka 1908 mtaalamu George Shull wa Marekani alionyesha kwamba mahindi yakizaliana na nafsi yake hudhoofika kizazi kwa kizazi, na yakioanishwa na ukoo mwingine nguvu hurudi.

Basi chukua shilingi mbili uzirushe pamoja mara nyingi. Karibu nusu ya mara hizo utapata kichwa kimoja na mgongo mmoja. Nusu iliyobaki utapata vichwa viwili au migongo miwili. Ndivyo yanavyokuwa mahindi ya haibridi yakizaliana yenyewe kwa yenyewe shambani mwako. Ile jozi ya Kitale na Ecuador hubaki kwa nusu tu. Katika nusu ya pili ukoo hukutana na ukoo wake, na udhaifu hukutana na udhaifu. Hata ukichagua hindi nene kuliko yote, hukumwona baba. Vumbi lililetwa na upepo, pengine kutoka shamba la jirani.

Tupige hesabu

Tuseme, kwa mfano tu, mzazi mmoja huzaa magunia 14 kwa ekari na mwingine 12. Wastani wao ni 13. Mtoto wao wa haibridi huzaa 19, yaani magunia 6 zaidi. Ukipanda punje za mtoto huyo, ile ziada ya 6 hukatika nusu: utapata 16. Umepoteza magunia 3 katika ekari moja. Mfuko wa mbegu wa kilo 10 hutosha ekari moja. Linganisha bei ya mfuko huo na bei ya magunia 3, kisha ujue ni nani aliyeokoa fedha. Kumbuka pia kwamba kupalilia ni kule kule, na mbolea ni ile ile. Magunia yaliyopotea ndiyo yangelipa karo ya mtoto.

Si kila mbegu iko hivyo

Maharagwe na ngano hujizalisha ndani ya ua lake, wala hayangoji vumbi la jirani. Kwa sababu hiyo watoto hufanana na wazazi. Mwaka 2014 Chuo Kikuu cha Eldoret kilitoa ngano iitwayo Eldo Ngano 1, inayostahimili kutu ya shina ya Ug99. Ilipatikana kwa kupitisha mbegu katika miale ili urithi wake ubadilike, kisha mimea iliyostahimili ikachaguliwa. Ngano ya namna hiyo haipotezi sifa yake kwa kupandwa tena, mradi mbegu ni safi na haina ugonjwa.

Shauri letu

1. Nunua mbegu mpya ya haibridi kila mwaka, kwa muuzaji mwenye kibali.
2. Tazama lebo ya KEPHIS juu ya mfuko. Ikwangue, na uhakikishe namba kwa simu kama ilivyoelezwa hapo.
3. Weka risiti, mfuko mtupu na konzi moja ya mbegu mpaka mavuno. Mbegu ikikataa kuota, hivyo ndivyo ushahidi wako.
4. Fedha zikipungua, usichanganye mbegu mpya na za ghalani. Panda mbegu mpya katika sehemu unayoweza kuitunza vizuri, na penginepo panda maharagwe.

Yule mzee alipiga hesabu hii kwa kidole mezani pangu, mara mbili. Kisha akalifunga hindi lake katika gazeti, akaniambia atalichoma jioni wajukuu wale. Nawe fanya vivyo hivyo. Hindi nene ni la kula au la kuuza. Usilipande.